Kilo Si Uzito: Kufundisha Viambishi vya Vipimo vya Metriki

Jitu, mtu, kijitu. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayehitaji kuelezwa kwamba maneno haya matatu yamejengwa juu ya mzizi mmoja, na kwamba kinachobadilika ni ukubwa wa anayetajwa. Jumba, nyumba, kijumba: ni yale yale. Mwanafunzi anayekutana na vipimo vya metriki kwa mara ya kwanza anaingia darasani akiwa tayari na wazo hilo kichwani. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba kilomita, mita na milimita nazo zina mzizi mmoja, mita, na kwamba kilo- na mili- zinafanya kazi inayofanana na ile ya ji- na ki-.

Tofauti ni moja, nayo ndiyo somo zima. Sarufi haisemi jitu ni mara ngapi ya mtu. Vipimo vinasema. Kilo- ni mara 1,000, si 999 wala "nyingi sana". Mili- ni sehemu ya elfu. Senti- ni sehemu ya mia. Kiambishi cha metriki ni namba iliyoandikwa kwa herufi badala ya tarakimu, na popote unapokiona unaweza kukifuta na kuweka namba yake mahali pake bila kugusa maana. Kilomita 3 ni mita 3 × 1,000. Milimita 8 ni mita 8 × 0.001. Mwanafunzi aliyeshika hilo hahitaji kukariri jedwali lolote la kubadili vipimo. Asiyelishika atakariri la urefu, kisha la uzito, kisha la ujazo, na akifika kwenye umeme ataanza upya, asijue kwamba muda wote alikuwa anakariri jedwali moja.

Maneno yanayopotosha kabla somo halijaanza

Neno la kwanza la kushughulikia ni "kilo" lenyewe. Katika mazungumzo kilo ni uzito: mzigo wa kilo kumi, mtu wa kilo sabini. Tumekata "gramu" ikasahaulika, na mtoto amekua akiamini kwamba kilo ni jina la kipimo. Akikutana na kilomita anadhani ni neno jingine kabisa lililofanana kwa bahati. Dawa yake ni swali dogo la kuuliza kila mara, hata kwa mzaha: kilo ya nini? Mtu wa kilo sabini ana gramu elfu sabini. Kilowati 2 ni wati elfu mbili. Kilo peke yake haipimi kitu. Ni elfu inayongoja kuambiwa elfu ya nini. (Walimu wa fizikia watasema kilogramu hupima tungamo (kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu), si uzito, na wana haki. Mgogoro huo una somo lake.)

La pili ni mili-. Sikio linasikia "milioni", na mwanafunzi anaandika kwamba mita moja ina milimita milioni moja. Kosa hili si la uzembe. Maneno hayo mawili ni ndugu kweli. Yote yametoka katika neno la Kilatini *mille*, elfu. Milioni ni elfu iliyokuzwa, elfu mara elfu. Mili- ilichukuliwa kumaanisha sehemu ya elfu. Inafaa kulisema hili waziwazi mbele ya darasa, kwa sababu ukilinyamazia linarudi kila mtihani.

Senti- inasaidia badala ya kupotosha. Mahali pengi fedha kuu hugawanywa katika senti mia, kwa hiyo neno tayari limebeba sehemu ya mia ndani yake. Shida yake iko kwenye maandishi. Sisi tunaandika sentimita kwa s, na kwenye baadhi ya maandishi ya Kiswahili utakuta kifupisho "sm". Alama ya kimataifa ni cm, kwa c, na ndiyo iliyochapwa kwenye rula, kwenye ramani na kwenye vifaa vya maabara. Mwambie mwanafunzi mapema kwamba jina linaandikwa kwa lugha yake, bali alama ni ile ile duniani kote. Zifundishe kama vitu viwili: jina na alama.

Jozi tatu

Sheria ya Ufaransa ya tarehe 7 Aprili 1795 ndiyo iliyoweka mita, gramu na lita pamoja na viambishi vya kwanza, na waliovipanga waliweka utaratibu ambao mwalimu anaweza kuutumia hadi leo. Vinavyokuza walivitoa katika Kigiriki. Vinavyogawanya walivitoa katika Kilatini. Kwa hiyo kila namba ina sura mbili: kumi ni deka- ikikuza na desi- ikigawanya, mia ni hekto- ikikuza na senti- ikigawanya, elfu ni kilo- ikikuza na mili- ikigawanya. Viambishi sita, lakini namba tatu tu za kukumbuka. Palikuwa na kingine, miria-, cha elfu kumi, ambacho hakikuingizwa katika mfumo wa kimataifa wa vipimo ulipopewa jina lake mwaka 1960.

Ubaoni chora kipimo cha msingi katikati, kilo- kushoto kabisa na mili- kulia kabisa, kisha jaza zilizobaki. Mwanafunzi ataona mara moja kwamba huu ni mpangilio wa thamani ya nafasi anaoujua: elfu, mamia, makumi, mamoja, kisha sehemu ya kumi, ya mia, ya elfu. Namba 4,726.358, ikiwa ni mita, inasomeka: kilomita 4, hektomita 7, dekamita 2, mita 6, desimita 3, sentimita 5, milimita 8. Hakuna mtu duniani atakayeusema umbali hivyo, lakini zoezi hilo moja linaonyesha kwa nini kubadili vipimo vya metriki hakuhitaji hesabu ngumu.

Baada ya hapo weka mkazo kwenye tatu tu: kilo-, senti- na mili-. Hekto-, deka- na desi- zipo, zitajwe, lakini kuzitungia mazoezi mengi ni kupoteza muda, maana mwanafunzi hatakutana nazo mara nyingi nje ya darasa. Hekto- atakutana nayo kwenye hekta, na kwenye mgandamizo wa hewa unaotajwa kwa hektopaskali (hPa), ambapo mgandamizo sanifu wa usawa wa bahari ni 1,013.25 hPa. Desi- yumo ndani ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Deka- karibu hatumiki.

Mkono uguse kabla ya kalamu

Utepe wa karatasi wa urefu wa mita moja ni kifaa bora kuliko bango lolote. Kila kundi likate vipande vya upana wa sentimita 3 au 4 na kuviunganisha kwa gundi, kisha lipime mita moja kamili kutoka mwanzo wa utepe. Hapa ndipo kosa la kwanza la kiufundi linapojitokeza: wanafunzi wanapima kwa rula ya sentimita 30 wakianzia kwenye ukingo wa rula badala ya alama ya sifuri. Kwenye rula nyingi ukingo umepita sifuri kwa milimita kadhaa, na kwa kuwa rula inawekwa mara nne kosa linajirudia kila mara. Utepe unakuja na urefu wa mita moja na zaidi ya sentimita. Usiwasahihishe papo hapo. Waache makundi yalinganishe tepe zao ukutani, wataliona wenyewe.

Kisha wakunje na kuchora mistari: kila sentimita 10 mstari mrefu, kila sentimita mstari mfupi, na kipande kimoja tu cha sentimita 10 kigawanywe hadi milimita. Kuchora milimita zote elfu kunachosha bila kuongeza maarifa. Lakini wazihesabu kwa akili: vipande kumi, kila kimoja milimita mia.

Kwa uzito na kwa vitu vidogo, karatasi ya kuchapia inafundisha mengi. Karatasi ya A4 ni moja ya kumi na sita ya A0, na A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Rimu ikiandikwa 80 g/m², karatasi moja ina 80 ÷ 16, yaani gramu 5. Karatasi 200 ni kilogramu 1. Rimu nzima ya karatasi 500 ni kilogramu 2.5, na mizani yoyote ya kawaida italithibitisha hilo. Sasa pima unene wa rimu hiyo bila kifungashio chake. Utapata milimita 50 hivi. Gawanya kwa 500: karatasi moja ina unene wa karibu milimita 0.1. Hapo mwanafunzi amepima kwa rula kitu ambacho rula haiwezi kukipima, na amefika kwenye mlango wa mikro- bila kusukumwa.

Kufuta na kuweka

Njia iliyozoeleka ya kubadili vipimo ni ngazi: andika km, hm, dam, m, dm, cm, mm, hesabu hatua, sogeza nukta. Inafanya kazi, na ndiyo sababu inapendwa. Lakini inaficha sababu, na inavunjika mahali pawili ambapo mwanafunzi hatarajii, kama tutakavyoona. Njia inayodumu ni ya kufuta kiambishi na kuweka kingine.

Chukua kilomita 4.2 zinazotakiwa kuwa sentimita. Futa kilo-, andika elfu: 4.2 × 1,000 = mita 4,200. Umerudi kwenye mzizi. Sasa weka senti-. Kuweka ni kinyume cha kufuta: ukifuta unazidisha kwa namba ya kiambishi, ukiweka unagawanya kwa namba yake. Kugawanya kwa 0.01 ni sawa na kuzidisha kwa 100, kwa hiyo sentimita 420,000. Miligramu 750 kuwa kilogramu: 750 × 0.001 = gramu 0.75, kisha 0.75 ÷ 1,000 = kilogramu 0.00075. Kila mara pitia kwenye mzizi. Wanafunzi wepesi watataka kuruka hatua hiyo ya katikati, na waruhusiwe pale tu watakapoweza kueleza wanachokiruka.

Makosa ya mwelekeo, kuzidisha mahali pa kugawanya, hayaishi kwa kukariri. Yanaisha kwa kujiuliza kabla ya kuhesabu: jibu litakuwa namba kubwa zaidi au ndogo zaidi? Pipa lile lile ukilijaza kwa ndoo utakwenda kisimani mara chache. Ukilijaza kwa kikombe utakwenda mara nyingi. Kipimo kikiwa kidogo, idadi inakuwa kubwa. Mwanafunzi aandike neno "zaidi" au "pungufu" pembeni ya swali kabla ya kugusa namba. Jibu likipingana na neno hilo, amekosea na amejigundua mwenyewe.

Kosa jingine halihusu viambishi moja kwa moja, bali sifuri. Mita 2 na sentimita 5 si mita 2.5. Ni mita 2.05, kwa sababu sentimita ni sehemu ya mia na lazima zikae nafasi ya pili baada ya nukta. Kilogramu 3 na gramu 40 ni 3.040, si 3.40. Wanaokosea hapa wanaichukulia nukta kama ukuta kati ya vipimo viwili: kushoto kilogramu, kulia gramu. Waambie waandike sehemu ya pili kama sehemu kamili kwanza, 40/1,000, kisha waigeuze kuwa desimali. Na ukitaka kuwaonyesha kwa nini metriki ilibuniwa, wape saa 2 na dakika 30 waziandike kwa desimali. Jibu ni 2.5, maana saa ina dakika 60. Muda ulibaki nje ya mfumo wa makumi, isipokuwa sekunde inayokubali mili-, mikro- na wenzake.

Mraba na mchemraba

Hapa ngazi inavunjika mara ya kwanza. Mwanafunzi anajua mita 1 ni sentimita 100, anaulizwa mita 1 ya mraba ni sentimita ngapi za mraba, anajibu 100. Maelezo ya mdomo hayatoshi. Mpe karatasi aichore mraba wa sentimita 10 kwa 10, aigawe katika vyumba vya sentimita moja, avihesabu. Desimita moja ya mraba imetoa vyumba 100, si 10.

Sababu iko kwenye alama. Katika cm², kile kipeo cha pili hakiko juu ya m peke yake; kiko juu ya cm nzima, kiambishi na mzizi pamoja. Ni (cm)², yaani 0.01 m × 0.01 m = 0.0001 m². Kwa hiyo mita 1 ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, na kilomita 1 ya mraba ina mita za mraba 1,000,000, ambazo ni hekta 100. Hekta yenyewe ni hekto- ikiwa mbele ya ari, na ari ni mita za mraba 100.

Ujazo unafuata kanuni hiyo hiyo kwa kipeo cha tatu, lakini una mtego wake: lita. Lita 1 ni desimita 1 ya ujazo, mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Utengeneze. Karatasi ngumu mbili za A4 zinatosha, maana kila moja inatoa miraba minne ya sentimita 10 na unahitaji mitano kwa boksi lisilo na kifuniko. Ukitaka kulijaza maji, tandika nailoni ndani, na uzungushie utepe wa gundi katikati ya kuta mara mbili au tatu. Bila hivyo kuta zinatuna na boksi linapokea zaidi ya lita moja, kisha darasa zima linabaki likibishana na chupa ya kupimia. Mchanga mkavu una adha kidogo kuliko maji, ila utapoteza nafasi ya kuonyesha kwamba lita moja ya maji ina kilogramu moja hivi.

Sentimita moja ya ujazo ni mililita moja, na boksi lenu linabeba elfu moja. Mita moja ya ujazo inabeba lita elfu moja, au sentimita za ujazo milioni moja. Sasa mtego: mililita si milimita ya ujazo. Lita haina kipeo, kwa hiyo mili- ya mililita inagawanya kwa elfu mara moja tu. Milimita ya ujazo inagawanya kwa elfu mara tatu. Mililita 1 ni milimita za ujazo 1,000.

Kupita kilo na mili

Mahali pa pili ngazi inapovunjika ni hapa. Kuanzia kilo kwenda juu na mili kwenda chini, hatua si ya kumi tena. Ni ya elfu. Mega- (M) ni milioni, giga- (G) ni bilioni, tera- (T) ni trilioni. Chini, mikro- (µ) ni sehemu ya milioni, nano- (n) sehemu ya bilioni, piko- (p) sehemu ya trilioni. Mwanafunzi aliyezoea kusogeza nukta hatua moja kwa kila jina ataandika kwamba milimita 1 ni mikromita 10. Ni mikromita 1,000. Hata utaratibu wa Kigiriki na Kilatini umeachwa: mikro- na nano- ni maneno ya Kigiriki, "-dogo" na "mbilikimo", ingawa yanagawanya.

Namba hizi zinakataa kuingia kichwani kwa sababu milioni na bilioni zinasikika kama jirani. Zipime kwa muda. Sekunde milioni moja ni siku kumi na moja na nusu na kidogo. Sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Kuelekea chini, rudi kwenye karatasi: unene wake wa milimita 0.1 ni mikromita 100. Seli nyekundu ya damu ya binadamu ina upana wa mikromita 7 au 8. Nuru tunayoiona ina urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 400 na 700 takriban, kwa hiyo ndani ya unene wa karatasi ile yanaingia mawimbi mia mbili hivi ya nuru ya kijani.

Zaidi ya hapo orodha inaendelea. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo na mizani uliongeza ronna- na quetta- juu, ronto- na quecto- chini, na jumla ikafika viambishi 24. Mwanafunzi anayejua kwamba kila kimoja ni elfu zaidi ya kilichotangulia anaweza kuvisoma vyote akiwa na orodha mkononi. Kuvikariri hakuna faida.

Kuna sheria moja ya kufundisha mapema: viambishi havirundikwi. Hakuna kilokilomita, hakuna milimikromita. Kimoja tu kwa kila mzizi. Na hapo kilogramu inaleta kioja. Ndiyo kipimo cha msingi cha mfumo wa kimataifa, lakini tayari kimebeba kiambishi. Kwa kuwa haviruhusiwi viwili, vipimo vingine vyote vya tungamo hujengwa juu ya gramu: sehemu ya milioni ya kilogramu haiitwi mikrokilogramu, ni miligramu. Kilogramu elfu moja ingeweza kuitwa megagramu, na ni sahihi, ila dunia imezoea kusema tani.

Herufi kubwa, herufi ndogo

Alama hazina ukarimu. M ni mega-, m ni mili-, na kati yao kuna tofauti ya mara bilioni moja: 1 MW ni umeme wa mtambo, 1 mW ni nguvu ya kalamu ya leza. Kilo- ni k ndogo, sikuzote. K kubwa ni kelvini, kipimo cha halijoto. Kuandika "KM" au "Kg" ni kosa lililoenea mpaka kwenye mabango, na mwalimu akiliacha atakuja kulilipa kwenye fizikia. Herufi m nayo ina kazi mbili: ikitangulia ni mili-, ikimaliza ni mita. Katika mm zipo zote mbili.

Alama haiwekewi nukta ya kifupisho wala haibadiliki kwa wingi, jambo ambalo kwetu halina ugumu, kwani tunasema kilomita moja na kilomita mia. Kinachotusumbua ni mpangilio. Tunasema "mita tano", namba nyuma, kwa hiyo wengi wanaandika "m 5". Kwa maneno, mita 5 ni sawa. Kwa alama, namba hutangulia na nafasi moja hufuata: 5 m. Lita inaruhusiwa kuwa l au L, na L ni bora, kwa sababu l ndogo ikikaa karibu na tarakimu inafanana na 1.

Kwenye dawa, µ imeonekana kuwa ya hatari. Ikiandikwa kwa mkono upesi, µg inasomeka mg, na mgonjwa anapewa dozi mara elfu moja. Ndiyo maana wahudumu wengi wa afya hushauriwa kuandika mcg, au neno zima mikrogramu, ingawa si alama rasmi ya mfumo wa kimataifa. Kwa sababu hiyo hiyo huandikwa 0.5 mg, si .5 mg, na 5 mg, si 5.0 mg: nukta isipoonekana, .5 inakuwa 5, na 5.0 inakuwa 50.

Wanafunzi watauliza kuhusu kompyuta, kwa hiyo jibu liwe tayari. Kompyuta hufanya kazi kwa mbili, na mbili kipeo cha kumi ni 1,024, karibu na elfu. Kwa miaka mingi watu waliita 1,024 "kilo", na kosa likakua kadiri namba zilivyokua. Mwaka 1998 viliwekwa viambishi vya pembeni vya hesabu hiyo ya 1,024, kibi- (Ki), mebi- (Mi), gibi- (Gi), ili kilo- ibaki elfu. Diski ya 500 GB ina baiti bilioni 500 kweli, ila programu inayohesabu kwa gibi itaonyesha 465 na pointi kidogo, mara nyingi ikiandika GB pembeni. Hakuna kilichoibwa. Tena B ni baiti, b ni biti, na baiti ina biti nane: kasi ya 100 Mb kwa sekunde ni 12.5 MB kwa sekunde.

Maswali manne ya kupima uelewa

Majibu yasiyo sahihi yanasema zaidi ya yaliyo sahihi, mradi swali limetungwa vizuri. Milimita 5 ni mita ngapi? Jibu ni 0.005. Anayeandika 5,000 amegeuza mwelekeo, mrudishe kwenye ndoo na kikombe. Anayeandika 0.05 amechanganya mili- na senti-, huyo anahitaji utepe, si maelezo.

Mita za mraba 0.4 ni sentimita ngapi za mraba? Ni 4,000. Anayejibu 40 anajua viambishi vizuri, amesahau kipeo tu. Usimfundishe viambishi upya.

Kipi kizito zaidi: 0.3 g, 280 mg au 0.00029 kg? Kwa miligramu ni 300, 280 na 290, kwa hiyo 0.3 g. Anayechagua 280 mg anasoma tarakimu na kuruka herufi. Kwake kiambishi bado ni pambo la jina.

Na mikrogramu 200 ni miligramu ngapi? Ni 0.2. Ukiona 20 kwenye daftari, yupo aliyepanda ngazi ya kumi kumi mpaka mahali ambapo haifiki.